Bulo Iliyokatika Asubuhi ya Kwenda Zongwe

Nianze na haraka yangu, maana bila hiyo singekuwa na jambo la kusimulia. Mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu siku hiyo sijatulia. Chai naimeza ikiwa bado inachemka. Sokoni, mteja hajamaliza kuuliza bei ya samaki, mimi nimekwisha kumfungia. Mama alikuwa anapiga makofi na kucheka: "Weye mutoto, hata kaburini utakimbilia kupanga mustari!" Leo ningetoa chochote anitanie tena.

Mwaka huo Mama alikuwa amekwenda Zongwe kwa kaka zake, kuwasaidia kuvuna mihogo. Ilikuwa Jumatano jioni mjomba wangu mkubwa aliponipigia. Kijijini kwao hakuna rezo. Ukitaka telefone ishike lazima upande mlima nyuma ya kijiji, mwendo wa karibu saa nzima, kwa hiyo nilipoona namba yake nilijua kuna jambo kabla sijaitika. Akaniambia ngiri ya Mama imejifunga. Tumbo limekuwa gumu, anatapika, na muuguzi wa pale amesema hii haingoji, lazima apasuliwe, na wa kumpasua yuko Kalemie. Njia ya nchi kavu ilikuwa imeharibika kwa mvua. Boti pekee ya kijiji yenye moteri ilikuwa imekuja kwetu Kalemie kuuza dagaa na haijarudi. Mitumbwi ya makasia haiwezi kumbeba mgonjwa umbali ule.

"Boti yako iko?" akauliza.

"Iko, Mjomba. Asubuhi tunatoka."

"Basi kesho alfajiri nitapanda tena mulima unithibitishie."

Boti ilikuwa yangu kweli, ya mbao, na nyuma yake moteri ya farasi arobaini niliyoipata baada ya miaka ya kukausha na kuuza samaki. Ila moteri ilikuwa imeanza kuvujisha maji kichwani. Usiku huohuo mekanisie wa ufukweni alifungua kifuniko cha kichwa, akaweka gasketi mpya, akafunga kwa bolti zilezile za zamani zenye kutu, bulo kama tunavyosema sisi. Gasketi ile ilikuwa ya mwisho. Ilitoka Kigoma, na nyingine ingebidi tuingoje wiki mbili. Tulilala tukijua kila kitu kiko sawa.

Sasa nimweleze Papa, baba yangu, maana yeye ndiye moyo wa jambo hili. Papa alikuwa fundi wa reli, wa hapahapa Kalemie, tangu ujana wake mpaka walipompumzisha. Macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Anaona mwanga na vivuli, basi. Mikono inatetemeka. Lakini alituletea nyumbani desturi ya karakana. Anasema zamani hakuna injini iliyotoka karakanani kabla fundi mkubwa hajaiwekea mkono wa mwisho: anachukua kle, spana yake, anakaza bulo moja yeye mwenyewe, anasema "Imetosha," ndipo injini inaruhusiwa kwenda. Nilipopata boti, Papa akaanza kushuka ufukweni kila safari, na kle yake fupi mfukoni, kuiwekea moteri mkono wa mwisho. Wavuvi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Papa wa reli anataka kupitisha treni ndani ya ziwa!" Yeye akaendelea kukaza. Baadaye hao hao, wakiwa na safari ya mgonjwa au ya maiti, walianza kuja nyumbani kumwomba akawawekee mkono nao.

Basi alfajiri ya Alhamisi tulikuwa ufukweni, mimi, Papa na kapiteni wangu, mwanaume mnene asiyesema maneno mawili kama moja linatosha. Telefone ikaita. Mjomba alikuwa amekwisha kupanda mlima.

"Munatoka?"

"Tunatoka sasa hivi, Mjomba. Moteri iko tayari."

"Asante Mungu. Basi nashuka, tunamubeba tunamuleta mangʼambo ya maji, pale ufukweni, asiwasumbue wakati mukifika."

Nilisema kweli. Wakati ninalisema neno lile lilikuwa kweli kabisa.

Papa akainama juu ya moteri, akapapasa kwa vidole mpaka akaipata bulo ya pembeni ya kifuniko, akaitia kle, akakaza. Mikono ilitetemeka, kle iligongagonga chuma. Akasikiliza kidogo, kama kawaida yake. "Imetosha," akasema. Kle akaiacha palepale kwenye bulo. Kapiteni akamshika mkono, akampandisha taratibu mpaka kwenye kibanda cha kukaushia samaki akakae kivulini, halafu akaenda kuchukua madumu ya esanse ya moteri.

Nikabaki peke yangu na moteri.

Nikaona tone la maji chini ya kifuniko. Tone moja. Labda lilikuwa la umande, kila kitu ufukweni kilikuwa kimelowa saa ile. Lakini mimi nikasema moyoni: mzee huyu hana nguvu tena, hakukaza kitu, tutafika katikati ya ziwa maji yavuje, moteri iungue, na Mama anangoja. Ndani ya boti kulikuwa na kipande cha bomba la chuma ambacho mekanisie alikisahau usiku. Ukikichomeka kwenye mkia wa kle, mkono wa mwanamke unapata nguvu ya wanaume watatu. Nikakichomeka. Nikavuta. Bulo ikazunguka kidogo, ngumu, halafu ikawa laini ghafla, kama mfupa wa kuku uliochemshwa sana, na kichwa chake kikaruka, kikaanguka kwenye maji machafu ya ndani ya boti.

Ee Mungu wangu. Nilikiokota. Nilikirudisha pale kilipotoka, nikakishikilia kwa kidole, kama vile kingeweza kuota.

Nilisikia miguu ya kapiteni kwenye mchanga. Na mkono wangu, wenyewe, kabla sijauagiza, ukalisukuma lile bomba chini ya nyavu. Kapiteni akaweka madumu, akatazama moteri, akanitazama mimi, akatazama kle ya Papa iliyokuwa palepale.

"Loo," akasema. "Muzee ameikata."

Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno hata mbele ya watoza ushuru, ulikauka. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikasema, "Muite mekanisie, kimbia."

Mekanisie alikuja na kofia yake ya sufu, anaivaa hata jua likiwaka. Akatazama, akaguna. Bulo ilikuwa imekatika juu kidogo tu ya kifuniko, kimebaki kisiki cha urefu wa punje ya hindi. Nikamwambia afungue kichwa chote aitoe haraka. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mjinga.

"Mama, nikifungua hapa, gasketi inachanika, na gasketi ingine haiko. Tena hizi zingine zote zina kutu, jana zilitoka kwa bahati, nikizigusa tena nitakata mbili, tatu. Hii inatoka bila kufungua, ao haitoki."

"Twende hivyohivyo, na bulo zilizobaki!"

"Maji ya kupoza yatavuja. Moteri itaungua mbele ya kufika nusu ya njia. Munataka kulala katikati ya ziwa na mugonjwa?"

Nikampisha. Akashika kisiki kwa koleo ya kubana, akazungusha. Koleo ikateleza. Akabana tena, ikateleza tena, na kila ikiteleza inakula chuma kidogo, kisiki kinakuwa cha mviringo, kinangʼaa. Mimi nilikuwa juu yake kama inzi. "Bana vizuri! Si hivyo! Kaza mkono!" Akaweka koleo chini, akafuta jasho, akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Mama, shika wewe basi." Nikasogea nyuma, nikatoa telefone.

Nikajaribu kumpigia mjomba. Haipatikani. Bila shaka haipatikani, alikuwa ameshuka mlima, yuko ufukweni na Mama, anatazama kaskazini. Nikapiga tena. Nadhani asubuhi ile nilipiga mara arobaini. Yule mwanamke wa kwenye mashine alinijibu kwa sauti yake tamu mpaka nikamtukana.

Nikaenda kwa wenye boti. Kubwa zilikuwa zimeondoka alfajiri kwenda masoko ya kusini, na ile ya Zongwe ilikuwa imepitiliza Kigoma na dagaa zake. Iliyobaki moja ilikuwa imepinduliwa juu ya magogo, inazibwa nyufa. Mwenyewe akanionea huruma, akasema, "Kama ungekuja jana, Mama." Asante sana, baba, kama ningekuja jana. Nikarudi.

Niliporudi nikakuta kapiteni amemshusha Papa. Sikutaka aitwe. Lakini mekanisie mwenyewe alisema kama kuna mtu Kalemie nzima anayeweza kuitoa bulo hii bila kufungua moteri ni yule mzee wa reli, hata bila macho.

"Papa," kapiteni akasema, "bulo yenu imekatika."

Papa akasogea karibu. Akanyoosha mkono, wakauongoza mpaka kwenye moteri. Akaweka ncha ya kidole gumba juu ya kisiki, akakizungusha polepole, kama mtu anayepapasa jino bovu. Akaomba kile kichwa kilichoanguka. Nilikuwa nacho mimi, kiganjani. Nikampa. Akakipapasa nacho, upande wa chini, pale kilipokatikia, muda mrefu.

"Ndiyo," akasema mwisho. "Njo mimi niliyeikata. Mukono wangu umezidisha." Akakitia mfukoni.

Hapo ndipo ningesema. Lakini nikaona uso wake mtulivu, nikajiambia: tuitoe kwanza bulo, tumfikie Mama kwanza, nitasema baadaye. Kumbe baadaye ni mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki kamwe.

Papa akakataza koleo. Akaagiza mafuta ya taa yachanganywe na mafuta ya breki, yadondoshwe juu ya kisiki, halafu mekanisie agonge kwa nyundo ndogo, polepole, tak, tak, tak. "Si kuipiga," akasema. "Unaiamusha. Kutu imelala na bulo miaka mingi, usiku mumoja wa kufunguliwa hauiachanishi, haitoki kwa kufukuzwa." Wakagonga. Wakangoja. Wakadondosha tena, wakangoja. Jua lilikuwa limepanda, saa tatu, saa tatu na nusu. Kungoja! Mimi nilizunguka boti ile mpaka nikachimba njia mchangani. Nilimwomba Mungu, nikagombana naye, nikamwomba msamaha, nikagombana tena. Mikono yangu miwili mizima inaning'inia tu, haina kazi yoyote duniani.

Saa nne Papa akasema inatakiwa sudere. Achomelee ekru, yaani nati, juu ya kisiki, moto wenyewe utailegeza kutu, halafu ekru inakuwa kichwa kipya cha kushikia kle. Umeme haukuwepo mjini, lakini sudere mmoja wa barabara ya juu ana grupu yake ya umeme. Tukaifungua moteri kutoka kwenye boti, nzima kama ilivyo, wanaume wanne wakaibeba, wakailaza kwenye mkokoteni juu ya magunia. Mimi nikasukuma nyuma. Papa alishika ubavu wa mkokoteni na kutembea nao. Watu wakauliza njiani, "Nani amekufa?" wakadhani tumebeba maiti. Nikawajibu vibaya sana, nikatema chini kufukuza neno lile.

Sudere akachomelea ekru ya kwanza. Kabla haijatulia nikapiga kelele: "Zungusha, zungusha sasa!" Na mekanisie, maskini, kwa kuwa nilikuwa nimemchosha, akazungusha. Ekru ikabanduka, ikabaki ndani ya kle. Kisiki kikawa kifupi zaidi. Sasa kilikuwa sawasawa na kifuniko, kama kimejificha.

Papa alisikia. Akageuza uso wake kwangu, macho yale meupe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu, nenda ukae pale." Papa ananiita hivyo, kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaenda nikakaa juu ya tairi la zamani. Nikalia, kwa hasira kwanza, halafu kwa hofu.

Sudere akajaza kisiki chuma tone kwa tone mpaka kikainuka tena, ndipo akachomelea ekru ya pili. Papa akasema sasa hakuna mtu wa kuigusa mpaka ipoe kiasi mtu aweze kuishika kwa mkono. Akaagiza mshumaa. Ekru ikiwa bado ina moto akapakaza mshumaa pembeni yake, nta ikayeyuka, ikanywewa na chuma, ikazama ndani. "Wacha inywe," akasema. Tukakaa. Watu watano na moteri moja. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifikiri: sasa hivi Mama amelazwa kwenye mkeka mchangani, mjomba amemfunikia kitenge kwa sababu ya jua, anamwambia wako karibu, na Mama anasema, kwa sauti yake ile, yule mutoto wangu na haraka yake mbona leo amechelewa.

Saa saba na nusu Papa akaweka kiganja juu ya ekru. Akaomba kle fupi apewe mekanisie. "Kidogo mbele, kidogo nyuma," akasema. "Mbele ukisikia inakataa, rudi." Halafu akaongeza, akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu, "Na bomba hapana. Hapa hatutumii bomba."

Nikainuka nusu kwenye tairi. Lakini mekanisie akaitika tu, "Ndiyo, Papa," na nikajiambia ni maneno ya fundi yeyote.

Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Halafu ikalia. Mlio mwembamba, kiiii, kama mlango wa kanisa. Papa akatabasamu, mara ya pekee siku ile. Ikaja robo, ikaja nusu, ikatoka, ndefu, nyeusi kwa kutu na nta, na moshi kidogo. Watu wa barabarani walipiga makofi. Mekanisie akanipa niitazame, lakini Papa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Nipe mimi," akasema, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaitia mfukoni, pamoja na kichwa chake.

Mekanisie akafunga bulo nyingine kutoka kwenye kopo lake. Papa akaikaza mwenyewe. Imetosha. Saa nane na nusu tulikuwa majini.

Na moteri ikaenda vizuri! Haijawahi kwenda vizuri namna ile. Hakuna tone, hakuna kikohozi, inaimba tu, na mimi niliichukia kwa kuimba. Papa alikataa kubaki, alikaa mbele na koti la mvua. Ziwa lilikuwa limeanza kuinuka, lakini kapiteni hakulalamika. Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, tukapita mbele ya kijiji kimoja chenye rezo, telefone yangu ikalia mfululizo kwa jumbe zilizongoja, mara tatu, mara nne. Halafu ikaita.

Mjomba alikuwa mlimani. Alikuwa anahema.

"Musikimbie tena," akasema. "Mama yenu ametuacha. Saa tisa."

Saa tisa tulikuwa bado tunaona paa za Kalemie nyuma yetu. Kapiteni alipunguza moteri bila kuambiwa. Nilitaka kumwambia Papa, lakini alikuwa amekwisha kujua, alikuwa amevua kofia.

Tulimzika Mama kesho yake, upande wa mama zake. Siku ya tatu ya kilio wajomba wakakaa kwenye mikeka, wote watatu, wakatuita. Mkubwa ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mulituambia munatoka. Tukamubeba mpaka majini. Saa nne boti ya kutoka Moba ilipita, inakwenda Kalemie. Walituona, wakapunguza moteri, wakatuita: kuna mugonjwa? Sisi wenyewe tukawapungia mukono, tukasema wapite, watoto wake wako njiani." Akageuka kutazama ziwa. "Sisi wenyewe tuliifukuza. Sasa mutuambie. Nani alichelewesha?"

Lazima mtu ajue mambo ya kwetu. Upande wetu mtoto ni wa wajomba. Mjomba akikubariki umebarikiwa, na neno lake baya likikushika, hakuna padri wala daktari wa kukulegeza. Anayeweza kulitoa ni yeye mwenyewe tu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Papa akasimama kabla yangu, akishikilia nguzo.

"Wakwe zangu, njo mimi," akasema. "Niliweka mukono wa mwisho, nikakaza zaidi, bulo ikakatika. Mutoto wangu huyu na watu wake walihangaika siku nzima kurekebisha kosa yangu."

Mjomba mdogo akaomba aione hiyo bulo. Papa akasema ilianguka ndani ya ziwa.

Na mimi nilifunga mdomo. Naliandika wazi. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye boti na wafanyakazi, nikajificha nyuma ya mgongo wa mzee asiyeona.

Wajomba wakanongʼona. Halafu wakatoa neno lao. Kwetu mwanaume aliyefiwa na mke hanyoi ndevu mpaka wakwe zake wamnawishe na kumwambia sasa wewe ni mtu kama watu. Wakamwambia Papa arudi Kalemie hivyohivyo, bila kunawishwa. Watamwita wakiona moyo umepoa. Papa akasema asante.

Miezi minane wakawa hawajamwita. Ndevu zake ziliota nyeupe mpaka kifuani, yeye aliyekuwa anajinyoa kila asubuhi tangu enzi za karakana. Watoto wa jirani waliacha kumsalimia kwa karibu. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Kila asubuhi nilimpelekea maji ya kuosha uso, na kila asubuhi nikaziona ndevu zile, na kila asubuhi nikasema kesho.

Siku moja akiwa anakula alishindwa kulenga mdomo, uji ukaingia kwenye ndevu, akajifuta kwa aibu, akaniomba msamaha. Mimi! Akaniomba msamaha mimi. Nikapiga magoti palepale.

"Papa, bulo ile niliikata mimi. Mulipopanda kibandani. Kwa bomba."

Aliendelea kujifuta. Halafu akaniambia nilete kopo lililo chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na kile kitambaa. Akakifungua juu ya goti, akanipa bulo kwa vipande vyake viwili.

"Papasa kichwa kile, upande wa chini," akasema.

Nikapapasa. Pale ilipokatikia chuma kilikuwa kimejisokota, kama kamba.

"Bulo ya kutu ikikatwa na mukono wa muzee inavunjika kama biskuti. Hii imenyongwa. Mukono wangu hauwezi kunyonga bulo tena, mama yangu, tangu miaka." Akatabasamu kidogo. "Nilijua tangu kidole kilipoigusa."

"Mbona mulinyamaza?"

"Wale ni wajomba zako. Mimi ni mukwe tu. Mukwe anakasirikiwa, njo kazi yake hiyo. Lakini mutoto akishikwa na neno la mujomba, ataenda wapi?"

Nikasema nitakwenda Zongwe kesho, nitawaambia ukweli, wamnawishe. Hapo ndipo alikasirika, na Papa si mtu wa kukasirika. "Ukiwaambia," akasema, "utakuwa umenifanya muongo mbele ya kaburi ya muke wangu. Na wewe watakushika. Nitakuwa nimebeba ndevu hizi bure." Akanyoosha mkono nimrudishie bulo. Nikamrudishia. Akaifunga tena kwenye kitambaa.

Sijakwenda Zongwe kusema. Mara mia nimekwenda moyoni. Nikisema namvua Papa heshima. Nikinyamaza namwachia ndevu. Sijaona njia ya tatu, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kukosa njia. Wajomba hawajamwita mpaka leo ninapoandika.

Juma lililopita boti ilikuwa na safari ya kumchukua mgonjwa, mama mmoja wa vijiji vya kusini. Papa akashuka ufukweni na ndevu zake. Akapapasa akaipata bulo ya pembeni, ile ile, halafu akaniita. Akanitilia kle fupi mkononi na kuweka mkono wake unaotetemeka juu ya wangu. Nikakaza. Nikasikia inashika. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuvuta tena kidogo, kidogo tu, kwa ajili ya yule mama.

"Imetosha," Papa akasema.

Nikaacha.